Kwa nini tamthilia za uhalifu za Ulaya hazibanduki kwenye vituo vya mapumziko vya barabara kuu?

#1 Msomaji wa Usiku (mleta uzi)

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikitazama tamthilia za uhalifu za Uingereza na za nchi nyingine za Ulaya, na kuna mahali ambapo hadithi hizo hazikosi kupita: kile kituo cha mapumziko cha kando ya barabara kuu, chenye sheli, mgahawa, duka la magazeti, vyoo na uwanja mpana wa kuegesha magari. Hapo ndipo mtu anapotoweka, ndipo mkoba wa fedha za kumkomboa mateka unapoachwa, na ndipo mpelelezi anapokunywa kahawa saa tisa usiku huku akiitazama simu isiyoita.

Dai langu ni hili, nami niko tayari kulitetea. Waandishi wanakipenda kituo hicho kwa sababu ni mahali penye wageni watupu. Sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale hakuna mwenyeji wa kupona. Kijijini mgeni akiingia, watoto humfuata nyuma na wazee huuliza ni wa nani. Mjini kuna jirani, kuna muuza duka, kuna vijana wa kijiweni. Kituoni mamia ya watu wanakula chini ya paa moja, hakuna anayemjua mwenzake, na baada ya nusu saa wote wamekwisha ondoka na viti vilevile vimekaliwa na wengine. Mwandishi anayetaka mtu apotee bila shahidi hahitaji msitu.

Zaidi ya hayo, barabara yenyewe hairudi nyuma. Ukishakipita kituo huwezi kugeuza gari. Naomba mnaoishi huko mnisahihishe mnapoona nimepotoka.

#2 Dereva wa Semi

Mkuu, asante kwa mada. Naendesha lori Uingereza na usiku mwingi nalala kwenye maeneo hayo unayoyaona kwenye runinga. Sisi Waswahili wa huku tunayaita servisi tu, kwa hiyo ukisikia mtu anasema amesimama servisi usidhani gari lake limeharibika.

Wageni watupu, ndiyo, lakini hawakusanyiki pale ovyo. Ili kituo kipate alama kwenye barabara kuu ya Uingereza, lazima kiwe wazi saa 24 kwa siku 365, kiwe na vyoo vya bure, kiuze mafuta, na kimruhusu kila mtu kuegesha bure kwa saa mbili za mwanzo. Mwongozo wa serikali unataka umbali kati ya kituo na kituo usizidi maili 28, yaani kama kilomita 45. Kwetu madereva wa malori kuna sheria nyingine juu ya hiyo: ukiendesha saa nne na nusu, lazima upumzike dakika 45, na takografu, yaani kifaa cha kurekodi mwendo na mapumziko ndani ya gari, inaandika kila dakika, hata usipotaka.

Kwa hiyo mimi naona waandishi wanapapendea saa yake. Kila mtu aliyeko pale anahesabu. Mwenye gari dogo anahesabu saa zake mbili, mimi nahesabu dakika zangu 45, na mfanyakazi wa mgahawa anahesabu zamu yake. Mpelelezi akifika, hahitaji kumuuliza mtu alikuwa wapi saa fulani, kwa sababu mashine imekwisha jibu. Hadithi ya uhalifu inataka hasa kitu cha namna hiyo.

#3 Binti Pangani

Habari zenu. Niko Uholanzi, na nashangaa kwamba uzi umefika mchango wa tatu kabla ya kutajwa filamu ambayo kwangu mimi ndiyo mama wa hizi zote: *Spoorloos* ya mwaka 1988. Wapenzi wawili wa Kiholanzi, Rex na Saskia, wako Ufaransa likizoni. Wanasimama kituoni, Saskia anakwenda kununua vinywaji, na harudi. Rex anamtafuta kwa miaka mitatu.

Angalieni mambo mawili. Kwanza, ni mchana kweupe, jua linawaka, familia zinakula, watoto wanakimbizana. Hofu haitoki gizani hata kidogo. Pili, tunaonyeshwa mapema mtu aliyemchukua, naye ni mwalimu wa kemia, mwenye mke na mabinti wawili, tena ni mtu wa kupima mambo: anajifunza namna ya kumkaribisha mwanamke garini, anajipima mapigo ya moyo, anahesabu dakika za dawa ya usingizi. Hapo, Dereva wa Semi, hoja yako ya saa inapata nguvu, ila mwenye saa ni mhalifu.

Mwisho siusemi, kwa heshima ya ambao hawajaiona.

#4 Mzee wa Kanda

Filamu hiyo naijua, nina kanda yake mpaka leo, lakini ni ya Kifaransa, binti yangu. Sehemu kubwa wanazungumza Kifaransa.

Pia wazo la sheli kuwa mahali pa kifo ni la zamani zaidi. Ninyi vijana mmesahau *No Country for Old Men*, muuaji anavyorusha sarafu mbele ya mzee wa duka?

#5 Binti Pangani

Shikamoo Mzee. Umekosea, lakini si bure. Mwongozaji George Sluizer ni Mholanzi aliyezaliwa Paris, na sehemu kubwa ya mazungumzo ni ya Kifaransa kweli. Hadithi inatoka kwenye riwaya fupi ya Kiholanzi ya Tim Krabbé, *Het Gouden Ei*, iliyochapishwa mwaka 1984. Mwaka 1993 Sluizer mwenyewe aliitengeneza upya Marekani na mwisho ukabadilishwa, na kwangu huo ulikuwa msiba.

Filamu ya sarafu ni ya mwaka 2007, kwa hiyo haiwezi kuwa ya zamani zaidi. Tena ile ni sheli ya mzee mmoja katika Texas, na nyumba yake iko nyuma ya duka. Pale mwenyeji yupo. Muuaji anamkasirikia hasa kwa sababu mzee amegusia anakotoka.

#6 Mzee wa Kanda

Marahaba. Nakubali kusahihishwa juu ya mwaka, lakini hoja yangu haijafa. Nendeni Marekani ya miaka ya 1940. Katika *The Killers* ya mwaka 1946, mtu anayetafutwa na wauaji amejificha katika mji mdogo akifanya kazi kwenye kituo cha mafuta. Mwaka uliofuata ikaja *Out of the Past*, na mhusika mkuu ana sheli yake Bridgeport, California, mpaka siku mtu wa zamani anapopita na gari na kumkuta.

Mantiki yake ni kinyume cha ile ya mleta uzi. Mtu aliyejificha amekaa kando ya barabara, na barabara hatimaye inampitisha adui yake pale pale, kwa sababu kila gari linahitaji mafuta. Katika filamu hizo kando ya barabara si mahali pa kupotelea. Ni mahali ambapo aliyepotea anapatikana.

#7 Kalamu ya Ilala

Hoja ya Mzee ni nzuri mno na nitaiiba. Mimi naandika michezo ya runinga hapa Dar es Salaam, na nitasema jambo ambalo watazamaji hawapendi kulisikia: bajeti. Eneo moja linakupa chumba cha kulia, duka, korido, choo, maegesho na barabara, na kundi lako la kamera halihami. Waigizaji wa nyuma hawahitaji mavazi ya pekee, na usiku taa za kituo zinawaka zenyewe. Mwandishi akiniletea maonyesho sita yanayotokea mahali pamoja, mtayarishaji wangu anashukuru. Falsafa huja baadaye.

#8 Mama Deki

Hamjambo wanangu. Nimesoma tangu mwanzo na nimeona niseme, maana nimefanya usafi kwenye kituo kimoja cha kaskazini mwa Uingereza kwa miaka tisa, zamu ya usiku.

Msomaji wa Usiku, umeandika kwamba pale hakuna mwenyeji. Mwanangu, mimi nilikuwa nani?

Naeleza ili mwelewe. Nyuma ya mlango wa kila choo kuna karatasi ya ukaguzi. Kila saa naingia, napiga deki, najaza sabuni, natia sahihi na kuandika saa. Kwa hiyo kila saa ya usiku nilikuwa nimeshaona kila pembe ya jengo lile, jambo ambalo kamera haifanyi, kwa sababu ndani ya vyoo hairuhusiwi. Nilimjua dereva anayenyoa ndevu kila Alhamisi saa kumi alfajiri na kuacha unywele mmoja mmoja kwenye sinki. Nilimjua mama mmoja aliyekuwa anakaa meza ya pembeni na chupa ya chai aliyotoka nayo nyumbani, hanunui kitu, hana safari, anakaa tu mpaka kunapambazuka. Nilifanya pia zamu za jioni siku za Jumapili, na humo ndimo nilimoona jambo ambalo katika tamthilia sijalionyeshwa bado: wazazi walioachana wakikabidhiana watoto. Kituo kiko katikati ya miji yao miwili. Baba anaegesha hapa, mama pale, mtoto anavuka na begi lake la shule, na hao wakubwa hawasalimiani. Nimeona mtoto mmoja akifanya hivyo kuanzia anashikwa mkono mpaka anavuka mwenyewe.

Kwa hiyo wenyeji tupo. Tatizo ni kwamba anayepita hamtazami mwenye dekio. Hata polisi wa kwenye tamthilia hufanya hivyo hivyo. Anamhoji meneja, anachukua kanda za kamera, halafu anaruka juu ya ndoo yangu anatoka.

#9 Msomaji wa Usiku

Shikamoo Mama Deki. Nimesoma mchango wako mara mbili na nakubali kwamba neno langu lilikuwa kali kuliko ukweli. Pengine ningesema mwenyeji yupo ila mgeni hamwoni. Lakini huoni kwamba kwa mwandishi wa hadithi hilo linaniunga mkono? Mhalifu anapanga jambo lake akiamini hakuna anayemtazama.

#10 Kalamu ya Ilala

Mama, shikamoo. Ile karatasi ya nyuma ya mlango ni dhahabu. Shahidi wa maandishi, mwenye sahihi na saa, aliyebandikwa mahali ambapo kamera haifiki.

#11 Mama Deki

Marahaba wote. Iandike, ila usimfanye msafishaji aseme Kiingereza cha kuvunjika ili watu wacheke.

#12 Afande Mstaafu

Hamjambo. Nilihudumu katika polisi ya Kenya miaka mingi, nyingi kati yake kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, na tamthilia hizi nazitazama kwa jicho la kazi.

Maelezo yote mliyotoa yana uzito, lakini mmeacha mpaka. Uingereza na Wales wana vikosi 43 vya polisi vya maeneo, na barabara kuu inavipita kama sindano inavyopita nguo. Mtu anaweza kuonekana akiwa hai katika eneo la kikosi kimoja, akanunua maji katika eneo la pili, na mwili ukapatikana katika eneo la tatu. Ni kesi ya nani? Kila afisa aliyewahi kusukumiana jalada na mwenzake anajua kwamba drama ya kweli imo mle. Kituo cha mapumziko ndicho mahali pa mwisho ambapo wote watatu wanakubaliana kwamba marehemu alikuwa anatembea.

La pili ni kamera zinazosoma namba za gari. Siku hizi mhalifu akiingia pale, gari lake limeandikwa linapoingia na linapotoka. Kwa hiyo namwambia mleta uzi kwamba mahali pasipo shahidi anapopasema palikuwapo zamani. Leo kijia cha shambani kina usalama zaidi kwa mhalifu.

#13 Dereva wa Semi

Afande yuko sahihi kuhusu kamera, nami ninao ushahidi nyumbani. Usiku mmoja nilikuwa na gari langu dogo, nikalala kwenye kiti, nikaamka zimepita saa tatu na dakika kumi. Baada ya siku chache nikaletewa barua ya kunidai fedha, yenye picha mbili za gari langu: moja likiingia, nyingine likitoka, na saa imeandikwa mpaka sekunde. Niliudhika sana, maana nililala ili nisiue watu barabarani. Lakini fikirieni barua hiyo inaingia kwenye nyumba ya mtu ambaye amemwambia mke wake kwamba usiku ule alikuwa kazini. Mke ndiye anayefungua bahasha.

#14 Kalamu ya Ilala

Dereva, hiyo nayo naichukua.

#15 Mkazi wa Leicester

Kalamu ya Ilala, usipokuwa mwangalifu uzi huu utaumaliza wote na sisi hatutapata hata mgao wa chai.

Naomba niongeze historia. Barabara kuu ya kwanza ya Uingereza ilikuwa kipande cha kuzunguka Preston, Desemba 1958. Tarehe 2 Novemba 1959 ikafunguliwa M1, na siku hiyohiyo kituo cha Watford Gap kikaanza kazi. Watu walikuwa wanatoka nyumbani kwenda kuangalia magari tu! Hapa kwetu kuna Leicester Forest East, cha mwaka 1966, ambacho mgahawa wake umejengwa juu ya barabara kama daraja, na magari yanapita chini ya miguu yako. Italia walikuwa wamekwisha fanya hivyo mwaka 1959. Kisha kuna Forton, kwenye M6 huko Lancashire, kilichofunguliwa mwaka 1965 na mnara wake wa pembe sita, mgahawa ukiwa juu. Mnara ulifungwa kwa umma mwaka 1989, na mwaka 2012 ukaingizwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa.

Nayasema haya kwa sababu nadhani tunachotazama kwenye tamthilia ni maombolezo ya ndoto iliyochakaa. Maeneo haya yalijengwa kama mambo ya kesho. Leo unaona zulia limeng'oka pembeni na mashine ya kahawa imebandikwa karatasi kwamba ni mbovu. Mwongozaji akimweka maiti pale, amemweka juu ya ahadi ambayo haikutimizwa.

#16 Mzee wa Kanda

Watford Gap si ndiko kule Watford, pale London inapoishia? Nimepita hapo na treni mwaka 1978.

#17 Mkazi wa Leicester

Hapana, Mzee wangu. Uliyopita ni Watford ya Hertfordshire. Watford Gap inaitwa kwa jina la kijiji kingine, Watford cha Northamptonshire, kaskazini zaidi. Wengi hukosea, na wenyeji wa huku wana desturi ya kusema kwamba pale ndipo kusini inapoishia na kaskazini inapoanza. Afande, hilo nalo ni mpaka.

#18 Msomaji wa Usiku

Naona tumefika pazuri, nami nataka kuleta hila moja ili mwipime. Vituo vingi vina pande mbili, upande wa wanaokwenda kaskazini na upande wa wanaokwenda kusini, na daraja la watembea kwa miguu linaloviunganisha. Sasa mhalifu anaegesha gari lake upande wa kaskazini. Kamera inalisoma. Anapanda daraja kwa miguu, anashuka upande wa pili, anaingia kwenye gari jingine lililoachwa pale, anaondoka kusini, anafanya tendo lake, anarudi, anavuka tena daraja. Mashine itaapa kwamba gari lake halikutoka. Kamera inasoma gari, haimsomi mtu.

#19 Dereva wa Semi

Hila ni nzuri, lakini ina mashimo matatu. Kwanza, ana saa mbili tu za bure. Akizidisha, barua niliyoisimulia itamfuata, na badala ya kumficha itamtaja. Pili, yule aliyeondoka kusini hawezi kurudi mpaka afike makutano yanayofuata, ageuke, aje na upande wa kaskazini, apite mbele hadi makutano mengine, ageuke tena. Hilo linaweza kula nusu saa au zaidi, na mwandishi asiyeendesha huko hulisahau. Tatu, si kila kituo kina daraja. Vingi vipya vimejengwa penye makutano, eneo moja linahudumia pande zote kupitia mzunguko, kama Beaconsfield kwenye M40. Hapo hata dai lako la mwanzo kwamba huwezi kugeuza gari linaanguka.

#20 Binti Pangani

Mimi hila hii naiamini, kwa sababu mwalimu wa kemia wa *Spoorloos* angeyapima yote hayo wiki sita kabla.

#21 Mwana Korogwe

Wakuu, kwenye vituo vyetu vya mabasi, hadithi ya Saskia ingewezekana? Nasema haiwezekani, na nina kisa.

Tulikuwa tunatoka Moshi kwenda Dar. Basi likasimama Korogwe, konda akatangaza dakika kumi na tano za kula na kuchimba dawa. Tulipoondoka, baba mmoja wa kiti cha nyuma akaachwa. Hatujafika mbali simu ya konda ikaita: mama anayeuza machungwa pale alikuwa amemwona mzee amesimama na sahani ya chipsi na mfuko wa machungwa, akasoma namba iliyoandikwa ubavuni mwa basi, akapiga. Bodaboda ikatukuta Segera, mzee akiwa ameshikilia bado ule mfuko wake wa machungwa. Mtu mmoja tu, katika mabasi yote yaliyokuwa pale!

Kwetu kituo ni soko, na soko lina macho. Dai la mleta uzi ni la kweli huko Ulaya kwa sababu chakula kinauzwa na kampuni. Anayekuuzia machungwa anataka kesho umnunulie tena, kwa hiyo lazima akutazame usoni.

#22 Afande Mstaafu

Mwana Korogwe, umesema vyema, na Mtito Andei ni vilevile mchana. Lakini usijumlishe. Usiku, kwenye maegesho ya malori, utingo anaweza kushushwa na tajiri wake akadhaniwa amepanda lori jingine, na familia ikajua baada ya wiki tatu. Nilizishughulikia kesi za namna hiyo. Mabasi yana orodha ya abiria; malori hayana. Macho ya sokoni humwona anayenunua.

#23 Dereva wa Semi

Hilo ni kweli hata huku. Usiku wezi hupita kwenye malori yenye tela za turubai, wanachana turubai kwa kisu, mkato wa kama urefu wa mkono, ili wachungulie kuna mzigo gani. Umelala ndani, unasikia sauti kama ya kitenge kinachochanwa. Mara mbili nimeisikia na mara zote mbili sikutoka. Asubuhi madereva wanasimama wakiangalia mikato hiyo na kila mmoja anasema alikuwa usingizini.

#24 Bradford Moja

Naomba niseme moja kwa uzito. Kuna kituo kwenye M62, Hartshead Moor, ambacho kwangu si mandhari ya hadithi. Usiku wa tarehe 4 Februari 1974 bomu lililipuka katika basi lililobeba wanajeshi na jamaa zao, wakafa watu 12, na ukumbi wa kuingilia wa kituo hicho ndio uliogeuzwa kuwa mahali pa kuwahudumia majeruhi. Kuna kumbukumbu yao pale mpaka leo. Mwanamke aliyefungwa kwa kesi hiyo, Judith Ward, aliachiwa mwaka 1992, mwaka ambao mahakama iliitengua hukumu yake. Kila ninapowaona wapelelezi wa kwenye runinga wakipata jibu kabla kahawa haijapoa, namkumbuka yeye.

#25 Afande Mstaafu

Bradford Moja, asante. Hilo lilihitaji kusemwa.

#26 Mwalimu Tumbe

Salamu. Mwanaanthropolojia wa Kifaransa Marc Augé alitoa kitabu mwaka 1992 akiziita barabara kuu, viwanja vya ndege na maduka makubwa mahali pasipo mahali, kwa maana kwamba havina historia wala undugu na anayepita. Dai la mchango #1 linafanana sana na lake. Lakini ushahidi wa Mama Deki, mwenye miaka tisa mahali hapo, unaonyesha alichokiacha: aliandika kwa jicho la msafiri. Ukiandika kwa jicho la mfanyakazi, kituo kina historia kama kijiji.

Ningependa pia kuongeza jambo la pombe. Kwa miongo mingi vituo vya barabara kuu Uingereza havikuuza pombe. Baa ya Wetherspoon ilifunguliwa Beaconsfield mwaka 2014, na habari hiyo ilizua ubishi mkubwa. Kwa hiyo mandhari hii ilimnyima mwandishi wa uhalifu kifaa chake cha kawaida, yaani baa. Watu wanakutana wakiwa wazima, chini ya taa kali, na wanasema uongo bila kilevi. Ndiyo maana mazungumzo ya pale yana ukali wake.

#27 Kalamu ya Ilala

Mwalimu, hilo la pombe linanifanya niifikirie upya ile hoja yangu ya bajeti. Sijaiacha, lakini nimeiegesha.

#28 Msomaji wa Usiku

Mama Deki, naomba nikuulize swali la mwisho, kama halikuudhi. Katika miaka yote tisa, kama mtu angetoweka wakati wa zamu yako, ungejua?

#29 Mama Deki

Mtu nisingejua. Ningejua gari.

Watu huondoka, gari ndilo linalobaki. Majira ya baridi ni rahisi zaidi: magari yaliyofika usiku vioo vyake bado vina alama ya joto, na lililolala lina barafu nyeupe kila upande, na chini yake lami ni kavu wakati kwingine kote kumelowa. Mwaka mmoja kulikuwa na gari dogo la bluu lenye kiti cha mtoto nyuma. Asubuhi ya kwanza barafu. Asubuhi ya pili barafu juu ya barafu. Ya tatu nikamwambia msimamizi wangu, akanijibu kwamba maegesho ni ya kampuni nyingine na sisi kazi yetu ni ndani. Nikarudi nikachungulia, kwenye kiti cha mbele kulikuwa na kikombe cha karatasi cha mgahawa wetu, hakijafunguliwa kifuniko. Asubuhi ya nne gari halikuwapo. Limebaki pembe nne la lami kavu. Nani alilichukua, sikujua, na hakuna aliyeniuliza.

#30 Dereva wa Semi

Mama, lilikuwa upande wa kaskazini au wa kusini?

#31 Mama Deki

Wa kusini.

#32 Msomaji wa Usiku

Na kituo hicho kina daraja?

#33 Mama Deki

Kinalo. Taa zake mbili za katikati zilikuwa mbovu majira yote yale ya baridi.